Siku Tulipoambiwa Wamemkata

Sikulia kwenye msiba wa mama. Watu wa Ujiji waliliona hilo na wamelisema vya kutosha, kwa hiyo nalitaja tu na kupita. Baada ya arobaini nilirudi kumsafishia chumba. Nikatoa godoro juani, nikasogeza kabati, na nyuma yake nikaikuta chupa ya mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa la chikichi baada ya mawese kutoka. Nusu yake ilikuwa imeganda. Nilipofungua kifuniko ikanijia harufu kama ya njugu zilizosahauliwa kwenye kikaango, nikakaa sakafuni pale pale. Sitasema ilikuwa huzuni. Miguu ilikaa yenyewe.

Mafuta hayo yalikuwa ya mguu wa kaka Issa.

Baba alifariki nikiwa bado mgongoni. Mama alipika sabuni ya mawese kwenye pipa uani, akaipeleka sokoni Mwanga, na mikono yake ilikuwa imepasuka kwa magadi, kiasi kwamba akikushika shavu unasikia michirizi. Tulibaki watoto wawili, Issa na mimi, na kati yetu kulikuwa na miaka kumi na minne na makaburi matatu madogo. Kwa hiyo Issa kwangu alikuwa kaka kwa jina tu. Nilimwamkia shikamoo, alinibeba begani, na akiwa nyumbani nilikula kwenye sahani yake.

Alikuwa beki wa timu ya mtaa, lakini kilichomfanya ajulikane hadi Mwandiga ni mipira iliyosimama. Faulo, penalti, hata mipira ya kuanzia golini, kipa alimwachia yeye. Alikuwa akiuweka mpira chini, anarudi nyuma hatua zake, anasimama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, halafu anapiga. Watu wa Buzebazeba bado wanasimulia mpira uliovuka michikichi ya nyuma ya uwanja ukaangukia bati la mashine ya kusaga, mwenye mashine akatoka mbio akidhani kalipukiwa. Jioni alirudi na vumbi jekundu hadi magotini, akaoga, akanyoosha mguu wa kulia kwenye mkeka, na mama akauchua kwa mise iliyopashwa moto. Mama alikuwa akizungumza na mguu wenyewe. "Leo umefanya kazi," anauambia. "Pumzika sasa, baba." Mimi nilikaa pembeni nikiamini kwamba mguu ule ni mtu wa nne wa nyumba yetu.

Mzungu mmoja aliyekuwa akichimba visima Simbo ndiye aliyembeba. Alikuja kutazama mechi, akamwomba Issa apige tena baada ya watu kuondoka, bila kipa, bila timu, mpira na mguu tu. Siku ya tatu akaja na mpira mwingine, wa kahawia, umechongoka huku na huku, akauchomeka kwenye mchanga ukasimama kwa ncha. Issa akaupiga. Yule mzungu akavua kofia na hakuirudisha kichwani hadi walipoachana. Mwaka uliofuata chuo kimoja cha Marekani kikamwita kaka yangu akasome bure kwa ajili ya mguu wake. Ninachokumbuka siku ya kuondoka ni treni, na mama akipitisha chupa ya mise dirishani, na askari wa stesheni akimwambia chupa haitapanda ndege, na mama akijibu kwamba mwanawe hajapanda ndege bado, amepanda treni.

Alimaliza chuo, kisha timu kubwa ya kulipwa ikamchukua. Akatutumia sidii. Sisi hatukuwa na deki, tukaenda kwa jirani yetu Mama Rehema, na nusu ya mtaa ikaja na vigoda vyao. Wanaume wakubwa walivaa makofia ya chuma usoni wakaangukiana. Mama alitazama kwa adabu kama mtu aliyekaribishwa chakula asichokijua.

"Wanagombea nini hawa?" akauliza.

"Ardhi," alijibu Mwalimu Deo, mpangaji wa Mama Rehema, aliyeletwa kutoka Bukoba kufundisha Kiingereza sekondari. "Kila timu inasogea kidogo kidogo kwenye ardhi ya mwenzake."

"Na Issa yuko wapi?"

Issa hakuwepo. Tulisubiri hadi chai ikapoa. Kisha wale wakubwa wakasimama, na yeye akaingia akitembea, mwembamba kati yao kama kijiti. Mwenzake mmoja akapiga goti, akaushika mpira kwa kidole. Issa akarudi nyuma, akasimama kwa ile namna yake, akapiga. Mpira ukapita katikati ya milingoti miwili mirefu, watu wakapiga kelele, na yeye akatoka. Basi. Akarudi kukaa. Mchezo mzima aliingia mara tano.

Kila mtu alishangilia. Mimi sikushangilia, kwa sababu nilielewa kwamba Issa ni mgeni pale, na kwamba wenyeji wanamwonjesha mchezo kidogo kisha wanamwondoa, kama mama alivyokuwa akinionjesha mchuzi jikoni na kunifukuza. Sikumwambia mtu. Nilikuwa mtoto wa kuweka mambo.

Msimu wake wa kwanza ulikwenda vizuri. Alipiga simu karibu kila wiki, na watu wakaanza kumwita mama "Mama Marekani" njiani. Msimu wa pili simu zikawa chache. Halafu ikaja barua ya yule mzungu wa visima, aliyekuwa amesharudi kwao Marekani, iliyoandikwa Kiingereza kitupu, na mama akaninyanyua kwenye uji wangu tukaenda kwa Mwalimu Deo.

Mwalimu aliisoma kwanza kimya, midomo ikicheza. Kisha akavua miwani.

"Mama Issa, habari si nzuri sana."

"Sema tu, Mwalimu."

"Alikosa goli. Mechi kubwa, sekunde za mwisho. Mpira ukapita pembeni, wakafungwa."

"Mpira ndivyo ulivyo. Halafu?"

"Halafu wamemkata."

Mama alikuwa akijifunga kanga vizuri. Mikono ikaishia pale pale.

"Wamemkata?"

"Ndiyo. Jumatatu yake asubuhi. Kule hawacheleweshi."

"Wamemkata Issa?"

"Ni kawaida yao, mama. Mpigaji akikosa mara mbili tatu, wanakata. Mkataba unaruhusu."

"Na yeye alikubali?"

"Aliweka saini tangu mwanzo. Wote wanaweka."

Nje kuku wa Mama Rehema alikuwa akiparua kwenye makumbi ya chikichi. Kisha mama akauliza kwa sauti ndogo, "Ule wa kulia?"

Mwalimu alifikiri anaulizwa Issa alipigia mguu gani. "Ule ule wa kulia," akasema. "Lakini wanasema amelipokea kiume. Sasa hivi amepumzika kwa huyu rafiki yake, anamwangalia. Tumwombee, mama. Wapo wengi waliokatwa wakasimama tena."

Leo barua hiyo ninayo na Kiingereza chake nakisoma. Neno lenyewe ni fupi, lina herufi tatu, na maana yake pale ni kwamba timu imemwondoa mchezaji, haimtaki tena. Mwalimu Deo alilijua hilo vizuri. Alilivusha neno kama alivyolikuta, akadhani tumefika nalo ng'ambo moja. Mwezi uliofuata akahamishiwa mkoa mwingine, akatuaga kwa heshima, akampa mama pole tena. Hakuna aliyebaki wa kutusahihisha, kwa sababu mama aliikunja barua akaiweka ndani ya kasha, akaniambia, "Zai, jambo hili lisitoke humu."

Halikutoka. Mama alirudi kwenye pipa akakoroga sabuni. Nilitegemea atapiga yowe kama wanawake wanavyofanya, lakini alikoroga, akamimina kwenye visanduku, akakata vipande, akavipanga. Nilipoona kisu kinapita kwenye sabuni nikaangalia pembeni. Hicho ndicho kitu pekee nilichokifanya. Toka siku hiyo nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake. Mkono upo, unauona ni wako, ukiugusa hausikii. Nilikwenda shule, nikarudi, nikachota maji, nikala. Wenzangu wakinichekesha nilicheka, nikajisikia nikicheka kwa mbali.

Nilijifunza kutembea kwa mguu mmoja. Nilitaka kujua Issa anakwendaje, basi. Kutoka mlangoni hadi bombani nilikuwa naruka kwa mguu wa kushoto, ule wa kulia nimeukunja nyuma na kuushika kwa kanga. Nikianguka nilikaa chini kidogo nikijaribu kufikiri kwa Kiingereza, lugha ambayo nilidhani ndiyo atakayokuwa anaanguka nayo. Mama aliniona siku moja kutoka uani. Hakunikataza. Aliniangalia hadi nikafika, kisha akaingia ndani.

Simu moja naikumbuka yote, kwa sababu mama aliweka sauti ya juu kwa ajili yangu. Issa alikuwa kimya miezi mitatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Unaendeleaje?"

"Nimeanza kuzoea."

"Panauma?"

"Panauma, mama. Sitakudanganya. Asubuhi ndiyo zaidi."

"Ego," mama akaitikia ndiyo kwa Kiha, kama alivyofanya akizidiwa. "Ndivyo wanavyosema, asubuhi ndiyo zaidi. Na unatembea?"

"Kidogo tu. Baridi kali. Nashinda ndani."

"Usijilazimishe."

"Nitajaribu tena, mama. Kuna mahali wameniita Jumanne, wanataka waniangalie."

"Madaktari?"

"Nini?"

"Nenda, baba, wakuangalie. Nenda."

Simu ikakatika. Mama aliishika mkononi muda mrefu, kisha akaniambia Issa ni mvumilivu tangu tumboni.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Kisha nikalitoa lile jambo. Haikuwa hasira wala machozi. Msichana mmoja darasani aliniuliza kaka yako mchezaji atakuja lini, nikamjibu, kama ninavyoweza kukwambia saa ngapi sasa hivi, "Hana mguu. Walimkata kwa sababu alikosa goli." Saa ya kutoka shule nzima ilijua, na kabla ya magharibi wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani kwetu wakimpa mama pole. Wazee wakaja. Mmoja alisema nchi ya makafiri haina huruma, mwingine akasema hapana, ni sheria, hata huku zamani mwizi alikatwa. Mama alipokea mikono yote. Watu walipoondoka nilimngojea anichape. Alinipa sahani nikaoshe. Usiku akasema, "Afadhali. Nilikuwa nimechoka kuubeba peke yangu."

Ndipo akaenda kwa fundi wa mitumbwi kuagiza magongo. Nilikuwa naye. Fundi aliuliza urefu wa mgonjwa, mama akasimama wima, akaweka kiganja kwenye paji lake la uso. "Akinikumbatia," alisema, "kwapa lake hunifika hapa." Fundi akampima mama kutoka chini hadi kwenye kile kiganja. Akachonga mninga, akazungushia vitambaa juu ili yasimchome. Yalikuwa mazuri. Mama aliyapaka mafuta, akayaegemeza nyuma ya mlango, nasi tukaishi nayo mwaka mwingine kama yamekuja kupanga.

Issa alirudi kwa treni. Alituma ujumbe tu kwamba anakuja, kazi imeisha. Stesheni ilijaa kama kawaida, wachuuzi, mizigo, watoto, na sisi mbele, mama akiwa ameyafunga magongo kwenye kanga mpya. Mama Rehema alikuwa nasi na nusu ya mtaa nyuma yake. Wengine walikuwa wameshaanza kulia ili wasichelewe.

Akashuka behewa la tatu. Begi mgongoni, suruali ndefu, akakanyaga ngazi kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akatufuata akitembea. Nyuma yangu vilio vilikatika kimoja kimoja.

"Shikamoo mama."

Mama hakumtazama usoni. Alinipa magongo, akapiga magoti kwenye saruji ile, akaushika mguu wa kulia wa suruali. Akaubana kwenye goti. Akaubana chini ya goti. Kisha akakunja vidole akaugonga, mara mbili, kama anayebisha hodi.

"Mama, kuna nini?"

"Ni wa mti?"

"Nini cha mti?"

"Mwana wanje," mama alisema kwa Kiha, yaani mwanangu, "wamekurudishia?"

Issa alimnyanyua akidhani mama amepatwa na maradhi ya uzee, akanitazama mimi, nami nikatazama reli. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka miwili kuona mguu ambao haupo. Sasa ulikuwepo, na sikuwa na mahali pa kuuweka. Niliingojea furaha. Niliingojea kweli, kama unavyongojea kupiga chafya, haikuja. Issa akauliza yale magongo ni ya nani. Mama Rehema akajibu haraka kwamba ni ya mgonjwa mmoja hivi, tukaenda nyumbani.

Hakuna aliyemweleza. Mama alifurahi, nadhani, lakini alikuwa amezoea kumlilia, na mazoea hayo yakaendelea. Njiani alitembea nyuma yake kama anayemlinda asianguke. Akimwona amesimama muda mrefu alimletea kigoda. Issa naye alikuwa amerudi na ukimya ambao sikuujua. Alipata kazi ya kuendesha winchi bandarini, akaenda, akarudi, akaoga. Mama alipasha mise moto siku ya kwanza, akakunjua mkeka. Issa akasema, "Acha tu, mama. Hauna kazi tena huo."

Vijana wa timu walimfuata. Wakamwomba aje uwanjani hata siku moja, apige hata mmoja, watoto waone. Akasema ameacha. Wakarudi tena, akawaambia vile vile, kwa upole, huku amesimama mlangoni na mikono mfukoni. Kama angepiga mmoja tu mambo yangeisha. Hakupiga, na Ujiji ikapata jibu lake. Mguu ule ni wa bandia. Wamarekani waliomkata ndio waliomtengenezea, kazi safi, hutautambua, ila haupigi mpira. Watoto wakawa wanamfuata kwa nyuma wakisikiliza kama unalia.

Ijumaa moja baada ya swala alikaa kwenye benchi la kahawa. Mzee mmoja wa pale, mtu wa heshima, akamwinamia na kumwambia, "Mwanangu, usinielewe vibaya. Naomba niuguse. Nasikia wamekuwekea hadi vinyweleo." Issa akavuta suruali juu. Mzee akaugusa, akavuta unywele mmoja, akasema subhanallah. Watu watatu wengine wakaomba nao.

Alikuja nyumbani moja kwa moja. Mama alikuwa ameshapakua, ugali wa muhogo na samaki, migebuka ya kuungwa kwa mawese. Issa akakaa kwenye mkeka, hakunawa.

"Nani amewaambia watu sina mguu?"

Mama akaacha kijiko. Mimi nilikuwa mlangoni na jagi la maji.

"Mimi," nikasema.

"Kwa nini, Zai?"

Nilitafuta kwa nini. "Kwa sababu walikukata," nikamwambia.

"Mtoto hana kosa," mama akasema. Akainuka, akafungua kasha, akarudi na barua. "Tulisomewa hii. Mwalimu Deo alisema ulikosa, wakakukata, ule wa kulia. Nami nikauliza mara mbili."

Issa aliisoma. Aliisoma tena. Niliona anapofika kwenye lile neno, kwa sababu hakuendelea.

"Miaka miwili?" akauliza.

"Miwili na miezi."

"Na simu zote zile, mama. Hukuniuliza."

"Ningekuuliza nini, baba? Mguu wako wameuzika wapi?"

Aliweka barua chini. Akafunika uso kwa kiganja kimoja, na mabega yakatikisika, nikadhani anacheka, na labda alikuwa anacheka kweli mwanzoni. Kisha akaanza kusema, akiwa anautazama ukuta. Hakuwahi kutuambia hata neno moja la mambo yale, na baada ya siku ile hakuyarudia.

Alisema kule mpigaji hana rafiki. Wenzake wanafanya mazoezi pamoja, yeye anapiga peke yake kwenye kona ya uwanja, na wiki nzima anangoja kazi ya sekunde moja. Ukipata, hawakumbuki jina lako. Siku ile umbali ulikuwa kama hatua arobaini na tano, na umbali huo alikuwa ameupiga maelfu ya mara. Watu wote uwanjani walisimama. Aliujua mpira umekwenda vibaya ulipotoka tu kwenye kiatu, kabla haujapanda, na akabaki anautazama kwa adabu kama hajui. Aliyekuwa ameushika kwa kidole hakunyanyua kichwa. Jumatatu mtu mmoja alimwita ofisini, akamwomba arudishe daftari la mipango ya timu, akampa mkono. Alipokwenda kwenye kabati lake kuchukua viatu, jina lake lilikuwa limeshabanduliwa, pamebandikwa la mwingine.

"Hapo ndipo waliponikata," akasema. "Hakuna damu."

Baada ya hapo zilikuwa zile Jumanne. Timu ikiwa na shida inaita wapigaji sita, saba, inawapanga mstari, kila mmoja anapiga kumi, wanaambiwa asanteni tutawapigia. Alikwenda miji tisa. Alifanya mazoezi kwenye viwanja vya shule kwenye theluji, akiuchomeka mpira mwenyewe, akiukimbilia mwenyewe. Mara ya mwisho alipiga kumi, akapata kumi, na wakamchukua kijana aliyepata nane kwa sababu ana miaka ishirini na mbili. Akarudi chumbani akaanza kufunga begi.

"Hamkukosea sana," alisema. "Mmenililia. Nami nilikuwa nadhani hakuna anayejua."

Mama alikuwa amemsikiliza na kichwa chini. Mambo mengi ya ule mchezo hakuyaelewa, najua, hakuyaelewa hadi anakufa. Akanyanyua uso.

"Ulikosa kwa kiasi gani?"

"Mama?"

"Ule mpira. Ulipita mbali na mlingoti kiasi gani?"

Issa alimtazama. Nadhani walimuuliza mengi kule, waandishi, walimu wake wa mpira, watu barabarani, lakini hilo ilibidi alifikirie. Alinyanyua mikono yote miwili juu ya sahani, viganja vikitazamana, akavisogeza, akavisogeza tena, akawa makini kama anayepima kitu cha mtu mwingine.

"Hivi," akasema.

Mama akainama juu ya chakula, akanyoosha mkono wake, ule uliopasuka kwa magadi, akauingiza katikati ya viganja vyake. Ulienea. Ukabaki upenyo mdogo tu upande wa kidole gumba.

"Ni hapa tu?" akauliza.

"Ni hapo tu, mama."

Nikasimama na jagi langu. Sikulia, na sikumbuki nilisikia nini. Ila nakumbuka kwamba Issa hakuishusha mikono yake, na mama hakuutoa wake, hadi alasiri ilipoadhiniwa.